Amplifaya ya ripita inapungua nguvu ikipata joto: nianzie wapi?

Kirumba VHF:
Habari zenu, wakubwa. Ninatunza ripita (mtambo unaopokea mawimbi ya redio na kuyarusha tena) ya bendi ya mita 2 iliyofungwa kwenye kibanda juu ya kilima kimoja cha mawe hapa Mwanza. Amplifaya yake, yaani kikuza nguvu, ni ya wati 100, na asubuhi ikiwa bado baridi mita ya nguvu husoma karibu wati 95. Lakini mazungumzo yakiendelea kwa dakika tano hivi, nguvu hushuka hadi wati 40, kisha hurudi yenyewe ikipumzika. Fundi mmoja amenishauri nibadilishe transista za mwisho. Kwa kuwa ni ghali, na za bandia zimejaa sokoni, naomba ushauri wenu kabla sijafungua chochote.

Mzee wa Igoma:
Ndugu yangu, transista hizo usiziguse kwanza, maana iliyokufa haifufuki kwa kupumzishwa. Nguvu inayoshuka kwa joto na kurudi kwa baridi inatuelekeza kwenye upoozaji, kwenye kiungo cha risasi ya kulehemu kilichopata ufa, au kwenye umeme unaoifikia amplifaya, na hili la mwisho ndilo linalosahaulika sana. Pima volti pale waya unapoingia kwenye amplifaya, wakati inarusha, wala usitosheke na kipimo cha pawa saplai. Ikivuta ampea 20, kishikio cha fyuzi chenye kutu na upinzani wa ohmu 0.1 tu kinakula volti 2, na wati 40 zinageuka joto papo hapo.

Baada ya hapo ondoa antena, funga mzigo bandia (kifaa kinachomeza nguvu badala ya antena) wa ohmu 50 unaohimili nguvu hiyo, urudie jaribio. Tatizo likitoweka, kagua antena, koaksia (waya wake) na konekta zake, kwani amplifaya nyingi hujipunguza nguvu zenyewe mawimbi yanaporudi kutoka kwenye antena.

Sauti ya Ukerewe:
Naunga mkono, na ninaongeza la huku kwetu ziwani. Vijidudu vinavyopanda kutoka majini kama moshi hufuata taa ya kibanda, feni ikavivuta ndani vikajaa kwenye mapezi ya kipoza joto. Visugue kwa brashi kavu.

Tena, nakuomba uishushe hadi wati 50. Utapoteza desibeli 3 tu, tofauti ndogo kwa msikilizaji, na amplifaya nyingi za aina hiyo zimeundwa kwa mazungumzo ya vipindi, ilhali ripita inaweza kurusha saa nzima bila kituo. Na ikitokea siku ukabadilisha transista za zamani zenye kauri, usizipasue wala kuzipiga tupa: baadhi zina oksidi ya berili, na vumbi lake huharibu mapafu.

Kirumba VHF:
Nashukuru sana. Leo nimepima: pawa saplai ilisoma volti 13.7, kwenye amplifaya 11.4. Kishikio cha fyuzi kilikuwa kimebadilika rangi kuwa kahawia na plastiki yake imelegea. Kwenye mapezi nimetoa vijidudu vilivyoshikamana kama unga mweusi, kiasi cha kujaza kikombe. Nimefunga kishikio kipya, nimeweka wati 50, na baada ya dakika 20 za kurusha mfululizo sindano ya mita haijasogea.