Kuweka ramani yetu wenyewe nyuma ya ripoti za Tableau Server isiyofika kwenye intaneti

Mchambuzi_Zahanati

Ndugu wanajukwaa, poleni na kazi. Ninasimamia ripoti za zahanati kadhaa hapa Dar es Salaam. Takwimu zetu zinatokana na kumbukumbu za wagonjwa, na tangu ilipotungwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 uongozi wetu umekuwa mwangalifu zaidi, hata ukaamua kwamba Tableau Server, programu inayowaonyesha watu ripoti na chati kwenye kivinjari, ikae kwenye seva yetu, ndani ya jengo letu, na seva hiyo isiwe na njia yoyote ya kutokea kwenda intaneti. Uamuzi huo ninauunga mkono kabisa.

Shida yangu ni kwamba ramani za kawaida za Tableau huletwa kutoka intaneti. Ripoti ya malaria kwa kila kata, ambayo kwenye kompyuta yangu inaonyesha barabara, mto Msimbazi na ukingo wa bahari, ikishapandishwa kwenye seva inabaki kuwa nukta zilizotawanyika juu ya karatasi nyeupe. Mganga mfawidhi mmoja aliniuliza Jangwani ni ipi kati ya nukta hizo, nami sikuwa na cha kumwonyesha.

Nimejaribu kuweka picha ya ramani chini ya dashibodi na kuifanya karatasi ya juu yake ipenyeze mwanga. Inaonekana vizuri mpaka mtu akuze ramani. Hapo nukta husogea na picha hubaki palepale. Je, ipo njia ya kuipa seva ramani yetu wenyewe ya mandharinyuma, ikae humuhumu ndani, na nukta zikae mahali pake kila mtu anapokuza au kusogeza?

Fundi_Seva

Ndugu Mchambuzi, ipo, na haihitaji kununua kitu. Tableau inaweza kusoma ramani kutoka seva yoyote inayozungumza itifaki ya WMS (kanuni za kuomba na kutuma picha za ramani kupitia mtandao), toleo la 1.0.0, 1.1.0 au 1.1.1, na seva ya namna hiyo unaweza kuisimika mwenyewe katika mtandao wenu wa ndani. Programu huria mbili ninazozifahamu kwa kuzitumia ni GeoServer na QGIS Server. Kama tayari mna mtu anayechora ramani kwa QGIS, programu huria ya kuchorea ramani kwenye kompyuta, chukueni QGIS Server, kwa sababu mradi aliouchora, pamoja na rangi na maandishi yake, ndio utakaotolewa kama ulivyo. Kama hamna, GeoServer ina ukurasa wa usimamizi unaofunguka kwenye kivinjari na ni rahisi zaidi kwa mtu aliyezoea kanzidata kuliko ramani.

Data ya barabara, mito na majengo ipakueni kutoka OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, kwa kompyuta yenye intaneti, kisha muihamishie ndani kwa diski. Pakueni data yenyewe, si vigae, yaani vipande vya picha vya ramani iliyokwisha kuchorwa: kuvuna vigae kwa wingi kutoka seva za OpenStreetMap kumekatazwa na kanuni zao za matumizi, na hata kama kusingekatazwa, vigae hivyo vingewafunga katika mwonekano mmoja msioweza kuubadilisha. Kwa bahati njema Dar es Salaam imechorwa kwa undani ambao miji mingi haina, kwa sababu ya mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015 na kupita katika kata zinazokumbwa na mafuriko, ukichora nyumba, mitaro na vichochoro. Leseni inawataka muwataje wachangiaji wa OpenStreetMap kwenye ramani; andikeni hilo kwenye kona ya ripoti na lisiondolewe.

Mkishaipakia data hiyo kwenye PostGIS, kanzidata inayohifadhi data za ramani, hakikisheni kila jedwali lina faharasa ya kijiografia, la sivyo kila mtu atakapokuza ramani seva itasoma mstari mmoja baada ya mwingine na ripoti itaonekana imekwama. Pia pangeni vipimo vya kuonekana: vichochoro na majina ya mitaa yajitokeze pale tu mtu anapokuwa amekaribia.

Upande wa Tableau kazi ni ndogo. Unafungua menyu ya ramani, unaingia kwenye ramani za mandharinyuma, unaongeza seva ya WMS, unaandika anwani yake, kisha unachagua matabaka unayotaka yaonekane. Ukipandisha ripoti kwenye seva, chanzo hicho cha ramani kinakwenda pamoja nayo. Hapa ndipo watu wengi hukosea: wanaijaribu WMS kwenye kompyuta yao wenyewe na kuandika anwani ya kompyuta hiyohiyo, yaani ile ya localhost, kwao kila kitu kinaonekana, na wakipandisha ripoti hakuna kinachoonekana, kwa sababu kila mashine inayosoma anwani hiyo inajitafuta yenyewe. Tumieni jina la seva linalotambulika katika mtandao mzima, na hakikisheni linafikika kutoka mashine ya Tableau Server na pia kutoka kompyuta za wanaosoma ripoti. Tena, kama Tableau Server yenu inafunguliwa kwa HTTPS, na WMS nayo iwe HTTPS, kwa kuwa vivinjari huzuia maudhui yasiyo salama ndani ya ukurasa salama.

Mpimaji_Ardhi

Ndugu Fundi_Seva ameeleza vizuri upande wa mitambo. Naomba niongeze jambo moja ambalo lisipoangaliwa litaifanya ramani ionekane nzuri huku ikisema uongo, na jambo hilo ni mfumo wa koodineti, yaani utaratibu wa kupimia namba zinazotaja mahali.

Ndugu Mchambuzi, koodineti za zahanati zenu zilitoka wapi? Kama zilipimwa kwa simu au kifaa cha GPS, karibu hakika ni latitudo na longitudo za WGS84, mfumo wa GPS, ambao msimbo wake katika orodha ya EPSG ya mifumo ya koodineti ni EPSG:4326, na hamhitaji kubadilisha kitu. Lakini ramani nyingi za upimaji nchini, na hati nyingi za viwanja, zimeandikwa kwa mfumo wa zamani wa Arc 1960. Kwa Dar es Salaam ni UTM (njia ya kutaja mahali kwa mita badala ya digrii) kanda ya 37 kusini, ambayo msimbo wake ni EPSG:21037. Namba zake zinatambulika kwa macho: ya mashariki ina tarakimu 6 na huanza na 5, na ya kaskazini ina tarakimu 7 na huanza na 92. Taabu ni kwamba UTM ya WGS84 katika kanda hiyohiyo, yaani EPSG:32737, hutoa namba zinazofanana nazo kabisa kwa sura. Ukizichukua namba za Arc 1960 ukaziita za WGS84, hakuna programu itakayokuonya. Nukta zote zitasogea pamoja karibu mita 300, kuelekea kaskazini na kidogo magharibi.

Mita 300 katika ramani ya nchi nzima hazionekani. Katika ramani ya Kigogo au Jangwani zinatosha kuitoa zahanati upande mmoja wa mto na kuiweka upande wa pili, na msomaji ataamini kwamba wagonjwa wanavuka daraja kuifuata. Nimeliona kosa hili zaidi ya mara moja, na kila mara lilidumu muda mrefu kwa sababu ramani ya mandharinyuma haikuwepo. Nukta juu ya karatasi nyeupe haziwezi kukanushwa na kitu chochote. Kwa hiyo mara tu mtakapoweka mandharinyuma, chagueni zahanati tatu mnazozijua kwa miguu, zilizo mbali mbali, mkaziangalie kama zimekaa kwenye barabara zake. Zikiwa zote zimekosea kwa umbali uleule na upande uleule, basi ni mfumo wa koodineti. Ikikosea moja tu, aliyeandika namba ndiye aliyekosea.

Kurekebisha si kazi kubwa. QGIS itabadilisha faili zima, au ndani ya Tableau yenyewe mnaweza kutumia MAKEPOINT, fomula ya kutengeneza nukta, kwa kuipa namba ya mashariki, ya kaskazini na msimbo 21037. Mimi ningebadilisha kwenye kanzidata, mara moja, ili kila ripoti ijayo irithi namba sahihi.

Neno la mwisho kuhusu mipaka. Kama mnatumia faili la mipaka ya sensa ya 2012, kumbukeni kwamba wakati huo Dar es Salaam ilikuwa na wilaya 3. Leo ni 5, baada ya Ubungo kumegwa kutoka Kinondoni na Kigamboni kutoka Temeke. Tafuteni mipaka ya sensa ya 2022. Na mnapounganisha takwimu na mipaka, unganisheni kwa msimbo wa kata, si kwa jina: kata iitwayo Majengo ipo katika miji mingi, na mkifika siku ya kuongeza mikoa mingine jina pekee halitawatosha.

Mratibu_Takwimu_Afya

Nakubaliana na wote wawili, ila nina wasiwasi mmoja ambao naona haujasemwa. Ripoti inaonyesha zahanati, au inaonyesha pia makazi ya wagonjwa? Nauliza kwa sababu data ya Ramani Huria inaonyesha nyumba mojamoja. Nukta ya mgonjwa juu ya karatasi nyeupe haimtambulishi mtu, lakini nukta hiyohiyo juu ya ramani yenye kila paa inamwonyesha jirani ni nyumba ipi, hata kama jina halijaandikwa popote. Mmeifungia seva ndani ya jengo kwa ajili ya kuwalinda wagonjwa. Itasikitisha kama mandharinyuma ndiyo itakayowafichua. Jumlisheni kwa kata au kwa mtaa, na katika ramani ya ripoti za wagonjwa liondoeni kabisa tabaka la majengo. Barabara kuu, mito, pwani na majina ya kata yanatosha.

Na kama kusimika WMS kutachukua muda, Tableau ina njia ya picha ya mandharinyuma, ambayo si ile ya kuweka picha kwenye dashibodi. Mnaipa picha longitudo ya ukingo wa kushoto na wa kulia, na latitudo ya chini na ya juu, nayo inashikamana na mihimili, kwa hiyo inasogea pamoja na nukta. Picha hiyo itoeni QGIS katika EPSG:4326, si katika EPSG:3857 inayotumiwa na ramani za mtandaoni, kwa sababu mihimili hiyo huhesabu digrii kwa nafasi sawa. Kasoro yake ni kwamba mtu akikuza sana picha hufifia, wala haiongezi maelezo.

Mchambuzi_Zahanati

Ndugu zangu, nashukuru sana. Nimechukua njia zote mbili kwa kufuatana: wiki ya kwanza nilitumia picha, kuanzia longitudo 39.15 hadi 39.40 na latitudo -6.95 hadi -6.70, ili waganga wasiendelee kusubiri. Wakati huo mwenzangu alisimika QGIS Server, nayo sasa inafanya kazi. Kosa la localhost tulilifanya pia, na lilitupotezea nusu siku kabla sijarudi kusoma tena maelezo ya Fundi_Seva.

Ndugu Mpimaji, nilizichunguza zahanati tatu kama ulivyoelekeza. Mbili zimekaa barabarani sawasawa. Ya tatu ilikuwa kaskazini ya mahali pake, na nilipofuatilia nikakuta koodineti zake zilichukuliwa kutoka kwenye hati ya kiwanja, ilhali nyingine zote zilipimwa kwa simu. Zipo zahanati nne za aina hiyo. Je, nikizibadilisha hizo nne tu kwenye kanzidata, nitakuwa nimekosea?

Mpimaji_Ardhi

Hapana, umefanya sawa, alimradi kwenye jedwali uongeze safu mbili: moja ya namba za awali kama zilivyokuwa kwenye hati, na nyingine ya msimbo wa mfumo zilikotoka. Usizifute za zamani. Atakayekuja baada yako akikuta namba iliyobadilishwa bila maelezo, anaweza kuibadilisha mara ya pili.

Mchambuzi_Zahanati

Nimeziongeza leo asubuhi. Tabaka la majengo nalo nimeliondoa katika ripoti zote za wagonjwa. Limebaki tu katika ramani ya mafundi wanaokwenda kutengeneza majokofu ya chanjo, ambao wanalihitaji ili wafike mlangoni.