Barabara iliyo juu ya bwawa la Nalubaale, Jinja, Uganda: ifungwe kwa magari au ibaki wazi?

Mwenye hoja
Kuanzia 1954, kila gari lililovuka Nile kwenye barabara ya Kampala–Jinja lilipita juu ya bwawa la Owen Falls, ambalo leo tunaliita Nalubaale. Malkia Elizabeth wa Pili alilizindua tarehe 29 Aprili 1954. Ukuta ulijengwa kwa ajili ya umeme, na barabara ikapitishwa juu yake. Hali hiyo ilidumu miaka 64, hadi daraja jipya la kebo lilipofunguliwa 17 Oktoba 2018: urefu mita 525, upana mita 22.9, njia mbili kila upande.

Ninachodai ni kwamba bwawa sasa lipumzishwe. Waachwe waenda kwa miguu, baiskeli na magari ya kazi ya kituo cha umeme tu. Zege ya jengo la mitambo pale ina ugonjwa unaojulikana wa kuvimba. Alkali iliyo ndani ya saruji hukutana na silika iliyo ndani ya kokoto, na unyevu ukiwepo hutokea ute unaonyonya maji na kutanuka. Nyufa zinaenea juu ya zege kama ramani, nafasi za maungio zinabanwa, mitambo inapoteza mstari wake. Hakuna dawa ya kuuondoa, kinachowezekana ni kuupunguzia kasi. Sasa mgonjwa kama huyo tuendelee kumpitishia magari ya nini, wakati njia nyingine ipo?

Trela Saba
Ndugu, umesahau madaraja ya Karuma na Katonga. Mei 2023 maji yalipokata barabara pale Katonga, magari ya Masaka yalizungushwa kupitia Mpigi, Kanoni, Sembabule na Villa Maria. Septemba 2024 Karuma ilipofungwa kabisa kwa matengenezo, watu wa kaskazini walipelekwa Masindi na Paraa, katikati ya hifadhi ya Murchison. Nauli ilipanda, na mizigo ikachelewa.

Jinja ndiyo mlango wa mizigo yote inayoingia kwa mipaka ya Malaba na Busia: mafuta, ngano, mabati ya Kampala, na mzigo unaoendelea hadi Kigali na Juba. Tanki moja likishika moto katikati ya daraja la kebo, siku hiyo hiyo utazitafuta njia za akiba. Kuzunguka kupitia Isimba, kati ya Kayunga na Kamuli, kwa trela la ekseli saba ni adhabu. Njia ya pili ikiwepo, itunzwe. Ukiifunga miaka mitano bila kuitumia, siku ya kuihitaji utakuta mifereji imeziba na lami imeota majani.

Zege na Kokoto
Hapa hesabu ifanywe vizuri, maana pande zote mbili zinaongelea uzito bila vipimo.

Zege ina takriban tani 2.4 kwa kila mita ya ujazo. Bwawa lina kimo cha kama mita 30. Kwa hiyo nguzo ya zege ya mita moja ya mraba, kutoka msingi hadi juu, ina tani 72 peke yake. Lori lililojaa kufikia kikomo cha Afrika Mashariki ni tani 56, na limesambazwa kwenye urefu wa zaidi ya mita 15. Ukuta mkuu haulihisi. Anayesema malori "yatabomoa bwawa" anatisha watu bure, na kuvimba kwa zege kutaendelea hata asipopita mtu, kwa sababu chakula chake ni maji na alkali.

Kinachoumia ni vitu vidogo vya juu. Kwanza ni vibamba vya barabara vinavyoning'inia juu ya nafasi za milango ya maji. Hivyo havina mwili mnene chini yake, vinabeba kwa nondo. Pili ni maungio ya kutanukia. Yakijaa mchanga na mawe madogo, zege inapotanuka hukosa pa kwenda na kingo zinamegeka. Gurudumu likigonga ukingo uliomegeka, pigo ni kubwa kuliko uzito wenyewe wa gurudumu. Maji ya mvua yanapenya hapo, yanafika kwenye nondo, kutu inaanza, na ute ule unapata maji zaidi. Huo ndio uhusiano wa kweli kati ya magari na ugonjwa wa zege: magari yanayafungulia maji njia ya kuingia ndani ya zege.

Kwa hiyo kabla ya kufunga au kufungua, vifanyike vipimo. Ekseli ya mbele isizidi tani 8, ya nyuma yenye tairi nne tani 10, hizo zipo kwenye sheria. Juu ya bwawa mimi ningeshusha zaidi, magari madogo tu. Toboeni sampuli za zege kwenye vibamba na kuzisoma kwa darubini. Gundisheni vijiti vya chuma pande mbili za kila ufa mkubwa, mpime umbali kila miezi mitatu, saa ile ile ya asubuhi, maana jua la mchana linabadilisha kipimo. Ufa usiosogea mzibe. Ufa unaosogea ukiuziba kwa saruji ngumu, utapasuka tena pembeni yake.

Reli ya Mita Moja
Mnaliongelea bwawa kama njia ya zamani ya kuvukia, lakini daraja la zamani la Jinja ni la reli, la 1931. Ndilo lililofikisha treni Kampala. Lilibeba reli juu na barabara chini yake, kwa hiyo magari yalivuka hapo kabla bwawa halijakuwepo. Nikilitazama bwawa na daraja la kebo, naona tumejifunza kwa kuchelewa kutenganisha kazi: kila chombo na njia yake.

Na chuma cha 1931 kinahitaji huruma kuliko zege mnayoigombania. Ribiti, yaani pini nene za chuma zinazounganisha vipande vya daraja, hupimwa kwa nyundo ndogo: gonga upande mmoja, weka kidole upande wa pili. Iliyokaza inalia kwa sauti kali. Iliyolegea inatoa mlio uliokufa na kidole kinahisi mtikisiko. Inatolewa moja, inawekwa bolti ya nguvu ya juu, inakazwa, ndipo unakwenda ya pili. Ukitoa kadhaa kwa pamoja, vipande vinahama na matundu hayalingani tena. Rangi nayo isipakwe juu ya kutu. Kwaruza hadi chuma kitupu, weka ya zinki, kisha tabaka mbili. Mkataba wa reli mpya ya Malaba–Kampala ulisainiwa Oktoba 2024, na upana wake ni milimita 1,435, hautalingana na hili la reli ya mita moja. Likiachwa bila kazi, nani atalipaka rangi?

Mkazi wa Njeru
Reli tutaijadili siku yake, mzee wangu. Kwa sisi wa Njeru, ng'ambo ya Jinja, swali ni la kila asubuhi. Wauza samaki, wanafunzi, mafundi wa viwanda wanavuka kwa miguu na kwa boda boda. Mkifunga, msifunge kwa mtu. Na matanki ya mafuta yasirudi pale hata kwa dharura. Likimwagika juu ya bwawa, mafuta yanaingia mtoni moja kwa moja, na watu wa mkondo wa chini wanachota maji hayo.

Zamu ya Milango
Nakubaliana na mkazi, na naongeza jambo. Aprili 2020 kisiwa cha mafunjo kinachoelea kilifika bwawani, kikaziba njia ya maji kuingia kwenye mitambo, na nchi ikapoteza umeme. Mwezi uliofuata ziwa lilipanda kuliko rekodi ya 1964. Nyakati hizo unahitaji krini na malori ya kubeba mafunjo yasimame juu ya ukuta, sasa hivi. Msongamano wa magari ya abiria ukiwa hapo, kazi inalala. Lakini barabara yenyewe lazima iwe nzima, la sivyo krini itasimama wapi?

Mwenye hoja
Basi tuseme hivi: kizuizi cha kimo cha mita 2.2 kila mwisho, magari ya abiria yapite kwa dharura tu.

Trela Saba
Mita 2.2 inazuia gari la zimamoto na krini ya ndugu wa zamu. Weka lango la bawaba linalofunguka lote, ufunguo mmoja kituoni, mmoja polisi Jinja, mmoja Njeru. Na kila mwaka, usiku mmoja, lifunguliwe na magari yapitishwe kweli, tupime dakika ngapi zinahitajika kuhamisha foleni kutoka daraja la kebo.

Zege na Kokoto
Usiku huo mabasi na malori mepesi, sawa. Trela la tani 56 hapana, hadi majibu ya sampuli za vibamba yatoke.