Nimempelekea mzazi leso yenye jina baya bila kujua, nifanyeje?

Mgeni_Mvita:
Hamjambo nyote humu. Naomba ushauri na tafadhali msinicheke, hili jambo limeninyima usingizi wiki nzima.

Mimi ni mtu wa bara, nimezaliwa Nakuru, huu mwaka wa pili niko Mombasa, ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Ofisini tuko mchanganyiko, kuna watu wa Mji wa Kale, Wagiriama, Wakamba, Wajaluo. Sasa dada mmoja tunayekaa meza moja alijifungua, tukachanga, nikaambiwa wewe nenda Biashara Street ununue leso, yaani kanga, na vitu vya mtoto. Nikaenda nikachagua kwa rangi, zambarau na nyeupe, nzuri kweli, yale maandishi nikaona ni methali tu kama methali zingine.

Tukaenda kumuona. Akatoa ile leso kwa mfuko, akaikunjua mapajani, akasoma, akatulia. Mama mkwe wake akainama akasoma kwa sauti, HASIDI HANA SABABU. Chumba kizima kimya. Yule dada akaikunja polepole pindo kwa pindo akaiweka kando ya mto, akasema ahsante, Mungu akulipe. Tangu siku hiyo hajibu meseji zangu.

Na kabla hajaenda likizo tulikuwa tumekosana juu ya faili la kontena, alisema mbele ya bosi kwamba mimi ndio nilichelewesha, kwa hivyo sasa inaonekana nimemjibu kwa leso. Haki ya Mungu sikujua! Kinachoniuma zaidi, wenzangu watatu wa hapa hapa Pwani waliiona ile leso nikiifunga na hakuna aliyesema neno. Mmoja ananiambia baadaye eti nilidhani unajua.

BintiKibokoni:
Pole sana dadangu. Leso ina pindo, ina mji pale katikati, na ina jina, yaani yale maandishi, na sisi tukiingia dukani tunasoma jina kwanza ndio rangi baadaye. Mtu anaweza kumvalia jirani yake leso akapita nayo mlangoni asubuhi bila kufungua mdomo na ujumbe ukafika, ndio maana huyo mzazi ameumia, kwake yeye hiyo ni barua. Siku nyingine mwambie muuzaji ni ya mzazi, atakutolea mwenyewe. Wale wa duka la Mali ya Abdulla hapo Biashara Street, biashara yao ni ya tangu 1887, watu wa leso wanajua ipi ya harusi, ipi ya mama, ipi ya ugomvi.

Kilindini_77:
Miaka miwili Mombasa na hujui leso inasomwa? Mbona hukuuliza?

Mgeni_Mvita:
Ningeulizaje kitu ambacho sijui kama kipo? Kwetu leso tunabebea mtoto na kujifunga jikoni, hakuna mtu anaisoma.

KahaweDzitsoni:
Kilindini acha hizo. Mimi Mgiriama na nimefanya kazi hoteli na watu wa mjini hapa hapa, Waswahili wa kuzaliwa, wakaleta vigango viwili wakavisimamisha karibu na baa eti urembo wa kiafrika. Kigango ni mti wa kuchongwa wa mzee aliyekufa wa Gohu, chama cha wazee wetu, kinasimamishwa nyumbani kwa ajili yake na hakitolewi pale. Vingi viliibwa vikauzwa mpaka Marekani, viwili vilivyoibwa 1985 vikarudishwa 2007, na mimi nikipita pale kila asubuhi na trei mkononi moyo unaniuma na siwezi kusema kwa sababu nilidhani wanajua, wamekusudia. Siku niliyomwambia supavaiza alishika kichwa, jioni ile ile vikatolewa. Kumbe hakuna aliyejua, na mimi nilinyamaza miezi minne. Kwa hivyo hao wenzako watatu nawaelewa lakini walikosea, waambie hivyo hivyo bila kupiga kelele, nikishika kitu msichokielewa nia yangu niulizeni.

Mama_Tudor:
Usimwandikie wasap tena mwanangu, maneno ya simu yanasomwa vibaya kama hiyo leso. Nenda mwenyewe, na usiende peke yako, tafuta mama mtu mzima wa hapo ofisini au jirani mnayeelewana, yeye ndiye atangulie kusema. Muanze na mama mkwe maana ndiye aliyesoma kwa sauti mbele ya watu. Lile faili msilitaje kabisa siku hiyo, ukianza kujitetea juu ya faili utakuwa umethibitisha. Sema tu, nilichagua rangi, kusoma sikusoma, nisameheni. Halafu mbebe mtoto.

Mgeni_Mvita:
Ahsante mama. Kuna Bi mmoja wa akaunti watu wote wanamheshimu, kesho namwomba. Nataka kununua doti nyingine lakini sasa naogopa hata kuingia dukani.

BintiKibokoni:
Jumamosi saa nne asubuhi nitakuwa mjini, tukutane kona ya Digo Road tuingie pamoja. Tutamtafutia NANI KAMA MAMA, hiyo haina maneno mawili. Na ile ya kwanza usiiulizie wala usiombe irudishwe, mwache mwenyewe aamue atakavyoifanya.

Mgeni_Mvita:
Saa nne niko hapo. Nitavaa buibui la kijani nililoazimwa, hapana, sketi tu ya kijani, utaniona.

KahaweDzitsoni:
Utuambie alivyosema.