Ushauri: kuhakiki migahawa na baa kwenye mji wa wastani ambako wahudumu wameshakujua sura

Mwanzisha uzi
Habari za humu wakuu. Nahakiki migahawa na baa za mji wa ukubwa wa kati, sehemu kama arobaini hivi, na kila bili nalipa mwenyewe. Nimekwama kwenye mambo manne. Niende mara ngapi kabla ya kuandika? Nifanyeje ikiwa wahudumu wananitambua? Baa naipimaje bila kulewa? Na la mwisho: msomaji anasema alikula mahali nilipopasifia, usiku uleule tumbo likamchafuka. Niifute tathmini?

Kijiko Kikavu
Mkuu, wahakiki wa magazeti makubwa huenda mara tatu au zaidi. Ziara ya kwanza inakuonyesha siku moja tu, ya pili inakuambia kama ile ya kwanza ilikuwa bahati, ya tatu inaamua kati ya hizo mbili. Kwa mfuko wa mtu mmoja, mbili zinatosha ukizipanga: moja mchana wa katikati ya wiki, nyingine usiku watu wakiwa wamejaa. Sahani moja iagize ziara zote mbili, nyingine ziwe mpya. Hiyo iliyorudiwa ndiyo inayokupa haki ya kusema jiko lina msimamo au halina. Bila hiyo unabahatisha.

Mahali papya paache wiki sita hadi nane. Jiko bado halijajua ni oda ngapi linaweza kuzibeba kwa mpigo, na mapungufu mengi ya mwezi wa kwanza hujirekebisha yenyewe.

Andika saa, usitegemee kichwa. Saa ya kukaa, ya kutoa oda, ya sahani ya kwanza, ya kuomba bili hadi kuletewa. Jitumie ujumbe kwenye simu yako. Ukionekana unachati hakuna atakayeshtuka. Mwenye njaa akisubiri dakika 15 ataapa zilikuwa 30.

Sufuria Kubwa
Hilo la kujulikana sura ni la zamani. Ruth Reichl, alipokuwa mhakiki wa New York Times, alivaa mawigi na kubadili majina, na mwaka 1993 akaandika kuhusu Le Cirque, mgahawa wa kifahari wa New York, akilinganisha alivyohudumiwa alipokuwa hajulikani na alivyohudumiwa alipotambuliwa. Kwenye mji wenu wigi halisaidii, maana hata sauti yako wanaijua.

Jiulize hivi: ukishaonekana mlangoni, ni nini bado kinaweza kubadilishwa? Watakuchagulia kipande kizuri cha nyama, watakujazia sahani, watakimbia. Lakini supu iliyochemka tangu asubuhi hawawezi kuichemsha upya. Unga uliokandwa jana, nyama iliyolala kwenye viungo, mafuta ya karai, menyu yenyewe, choo, vyote vimeshakuwa vilivyo. Agiza humo.

Mafuta ya kukaangia yanasema mengi. Yaliyochoka huwa meusi, hutoa povu na moshi hata moto ukiwa wa kawaida, na viazi hutoka na harufu ya samaki kwa sababu karai ni lilelile. Viazi vikija vimelegea na vinachuruzika mafuta, hilo ni kosa jingine: wamejaza karai kupita kiasi, joto likaanguka kutoka kwenye nyuzi 180 hivi, ganda likachelewa kukauka.

Pia tazama meza ya jirani. Kama kipande chako ni kikubwa kuliko chake kwa oda ileile, andika alichopata yeye. Na meza iwekwe kwa jina la mwenzako. Mwenzako atangulie na atoe oda, wewe ufike dakika kumi baadaye.

Kaunta ya Mbao
Nije kwenye baa. Anza na glasi. Viputo vikinata kwenye kuta za ndani, kuna mafuta au mabaki ya sabuni. Kwenye glasi safi viputo vinapanda tu, na povu linaacha pete kila unapopiga funda.

Bia ya bomba: mirija yake inatakiwa kusafishwa kila wiki mbili. Ikipitiliza, bakteria hukaa humo, nawe utasikia ukali wa siki au harufu ya siagi. Ila siagi inaweza pia kutoka kiwandani, kwa hiyo usimhukumu mwenye baa kabla hujaionja bia hiyohiyo ya bomba mahali pengine wiki hiyohiyo.

Mvinyo unaonuka boksi lililolowa maji umeharibiwa na kizibo. Baa haina kosa hapo. Unachopima ni wanavyokupokea unapoirudisha glasi. Mvinyo mwekundu wa kuuza kwa glasi uulize chupa ilifunguliwa lini. Ukikaa wazi siku kadhaa kwenye rafu ya joto nyuma ya kaunta, unapoteza ladha halafu unaanza kuwa siki.

Koktaili iangalie inavyotengenezwa. Je, pombe inapimwa kwa kikombe cha kipimo au inamiminwa kwa macho? Ndimu inakamuliwa au inatoka chupani? Kutikisa kwa sekunde 10 hadi 15 kunatosha. Barafu ndogo yenye majimaji imeshaanza kuyeyuka, hivyo kinywaji kinazimuka kabla hakijapoa. Agiza koktaili ileile kwa wahudumu wawili tofauti katika ziara mbili; ladha zikipishana sana, hakuna kipimo kinachofuatwa pale.

Kuhusu kulewa, vinywaji viwili kwa ziara, maji katikati, na maelezo ya cha kwanza uyaandike kabla cha pili hakijafika. Ulimi unachoka mapema kuliko unavyodhani, hasa baada ya pilipili, kwa hiyo vyenye pilipili viache mwisho.

Pima na kelele. Programu za simu hazina usahihi wa kifaa cha kitaalamu, lakini simu moja hiyohiyo inatosha kulinganisha baa na baa. Mazungumzo ya kawaida yako karibu na desibeli 60. Ikikaribia 80 mnaanza kupigiana kelele. Pima kaunta, katikati na pembeni, na utaje saa.

Mwanzisha uzi
Nashukuru wakuu, hii ya vitu vilivyotengenezwa kabla sijaingia sikuwahi kuifikiria. Na lile la tumbo?

Kinga Kwanza
Usiifute, na usimthibitishie. Muulize alikula saa ngapi na tumbo lilianza saa ngapi. Sumu ya bakteria aitwaye Staphylococcus aureus huanza kuuma kati ya dakika 30 na saa 8 baada ya kula. Kirusi cha norovirus huchukua saa 12 hadi 48. Kwa bakteria wengine, Salmonella ni saa 6 hadi siku 6, na Campylobacter kwa kawaida siku 2 hadi 5. Watu hukilaumu chakula cha mwisho kwa sababu ndicho wanachokikumbuka, kumbe huenda ni cha juzi. Mwelekeze aripoti kwa maofisa wa afya. Wao wanaweza kuunganisha wagonjwa kadhaa na kuchukua sampuli. Wewe huwezi.

Kazi yako ni ulichokiona na ulichokipima. Kipimajoto cha sindano kinaingia mfukoni. Chakula cha moto kwenye meza ya kujihudumia kiwe nyuzi 60 au zaidi, cha baridi nyuzi 5 au chini. Kuku afike 74 ndani. Rangi usiitegemee: kuku mchanga anaweza kubaki wa waridi karibu na mfupa hata akiwa ameiva kabisa. Ukiandika "kipimajoto kilisoma nyuzi 58 katikati ya paja la kuku alipofika mezani", hiyo unaweza kuitetea popote. Ukiandika "wanalisha watu sumu", utadaiwa ushahidi wa maabara.

Kijiko Kikavu
Niongeze kuhusu alama. Achana na kumi kwa kumi. Kwa sehemu arobaini, thelathini zitarundikana kwenye saba na msomaji hataona tofauti. Tumia ngazi tatu: funga safari, ingia ukiwa jirani, pita. Mwongozo wa Michelin, kile kitabu cha Kifaransa cha kupima migahawa, umekuwa na nyota moja hadi tatu tangu 1931, na maana zake zimefungwa kwenye safari vilevile. Baa yenye jiko ipe hukumu mbili, ya chakula na ya vinywaji.

Tarehe za ziara ziwe juu kabisa. Mpishi mkuu akiondoka, bandika tangazo juu ya tathmini siku hiyohiyo, kisha panga kurudi. Kwenye mji wa namna hiyo wapishi wanahama kutoka jiko moja hadi jingine, na wanahama na mapishi yao.

Mwanzisha uzi
Swali dogo la mwisho: wakileta sahani ambayo sikuiagiza, wakasema ni ya bure?

Sufuria Kubwa
Omba iingizwe kwenye bili. Wakikataa, acha thamani yake mezani, na kwenye tathmini taja kwamba ililetwa bila kuagizwa. Usiihesabu kwenye hukumu hata kama ndiyo iliyokuwa tamu kuliko zote, maana msomaji akienda hataletewa.