Nimetumiwa ajira ya Canada kwa imeli, hela ya viza nimlipe wakala au niende mwenyewe?

Kisiki: Wakuu habari zenu. Nimepata kazi ya kutunza stoo kwenye hoteli moja kubwa Toronto, mshahara dola 4,200 kwa mwezi, nyumba na tiketi juu yao, barua ina nembo na mhuri kabisa. Swali ni hilo tu la viza, mwisho Ijumaa.

Mama Wawili: Mdogo wangu, hiyo kazi uliiomba wapi? Nani alikusaili?

Kisiki: Sikuomba dada, waliona CV yangu mtandaoni. Usaili tulichati tu, siku hizi ndo hivyo.

Ngosha: Canada kuna baridi mkuu! Shemeji yangu yuko Winnipeg, Januari ni hasi thelathini, mwaka wa kwanza alikuwa analala na koti. Tafuta koti kwanza.

Karani: Tupia anwani ya hiyo imeli, sio jina linalotokea juu, ile yenyewe yenye @.

Kisiki: Inaishia gmail. Ila walisema seva yao iko matengenezo.

Karani: Hoteli kubwa vile? Waombe kibali cha mwajiri, kinaitwa LMIA, uone watasemaje. Ada ya kibali cha kazi ni dola 155 za Canada na alama za vidole 85, unailipa serikali yao mwenyewe mtandaoni, hakuna cha wakala. Hiyo hela unatuma kwa nani?

Kisiki: Namba ya simu, jina la mdada wa huku huku Bongo.

Mama Wawili: Umeshatuma ngapi? Usinifiche.

Kisiki: Laki nne ya vipimo, na kopi ya pasipoti. Imebaki laki sita tu, nikiacha sasa si ndo nimepoteza yote? Na kazini nimeshaaga. Jamani sio kila kitu utapeli, kuna watu wameenda.

Mlokole: Vijana mnapenda sana njia ya mkato, ombeni Mungu awape subira.

Chui: Hii chai. Kuna uzi kama huu ulishapita humu, ila ule ulikuwa wa Qatar. Anasubiri watu waseme "nipe namba ya wakala" awafuate PM.

Ngosha: Kumbe! Na ni memba mpya.

Kisiki: Natafuta msaada mnaniita tapeli?

Karani: Awe mkweli awe muongo, hiyo laki sita isitumwe. Kisiki, piga huduma kwa wateja wa mtandao wako sasa hivi, namba iripoti 15040, kisha polisi na miamala yako. Kazini umeaga kwa barua?

Kisiki: Kwa mdomo. Ngojeni, wakala anapiga.

Mama Wawili: Usipokee!