Simu inashika intaneti vizuri, kompyuta inagoma kila umeme ukikatika, nisaidieni

mama_tabata:
Habari za jioni wakuu. Naombeni msaada maana nimechoka. Nina desktop ya zamani kidogo hapa nyumbani, ndo nafanyia kazi za mahesabu ya wateja wangu na mwanangu wa form four anasomea humohumo. Sasa huu mwezi wa pili, umeme ukikatika ukarudi nikawasha kompyuta, intaneti inakuwa haieleweki, waifai inaonyesha imeunganishwa kabisa ila email haifunguki, benki haifunguki, kila nikienda brauza inaniandikia muunganisho si salama. Simu yangu na ya mtoto ziko kwenye waifai hiyohiyo na zinapeta tu. Fundi wa kwanza kasema virusi, akapiga windows upya, 30,000 ikaenda, ikakaa siku nne umeme ukakatika ikarudi vilevile. Wa pili kasema ninunue ruta mpya, nimenunua, hakuna kilichobadilika. Na Ijumaa natakiwa kutuma hesabu za mtu. Nifanyeje jamani?

kijana_wa_nyaya:
Pole dada. Angalia taa za ruta, kama ni faiba na taa ya LOS inawaka nyekundu basi mwanga haufiki kwako, wapigie waliokufungia. Au badilisha DNS, ile huduma inayotafuta anwani za tovuti, uweke 8.8.8.8 au 1.1.1.1, mimi ilinisaidia.

fundi_mstaafu:
Kijana, simu zinapeta kwenye waifai hiyohiyo, kwahiyo ruta nzima na laini nzima, tusimtume dada wa watu kununua vitu tena. Na DNS ikigoma brauza inakwambia tovuti haipatikani, haikwambii si salama.
Dada, tazama kona ya chini kulia ya kioo, tarehe inasoma mwaka gani? Alafu kwenye ule ukurasa wa onyo soma maandishi madogo, kuna neno DATE?

mama_tabata:
Heee! Imeandika 1 Januari 2012! Na hilo neno lipo kweli. Nimeweka tarehe ya leo hapahapa email imefunguka. Sijawahi kutazama huko kaka, saa naangalia kwenye simu.

fundi_mstaafu:
Basi ugonjwa tumeupata. Kwenye mazabodi, ile bodi kuu ndani ya kesi ya kompyuta, kuna betri ya duara kama ya saa, inaitwa CR2032, volti 3. Kazi yake ni kuitunza saa pale kompyuta isipopata umeme wa ukutani. Ikichoka hutaiona shida hata ukizima kompyuta, mradi waya uko kwenye soketi na umeme upo, ila TANESCO wakikata tu saa inarudi mwanzo. Sasa kila tovuti salama ina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, kompyuta ikiamini iko 2012 inaona vyeti vyote havijaanza kutumika, inakataa. Simu zako zinapata saa kwenye mtandao ndo maana haziumwi. Windows nayo hujirekebisha saa yenyewe, ila ikipishana miaka inagoma.

Kubadilisha: zima, chomoa waya ukutani (usizime swichi tu), fungua ubavu wa kesi, gusa chuma cha kesi kwanza ili umeme wa mwilini usiunguze kitu, bana kile kilimi pembeni betri itaruka yenyewe. Upande wenye + unakaa juu. Usikubali kuuziwa CR2025, ni nyembamba, inacheza. Na ile ya zamani usiiache mezani, mtoto mdogo akiimeza inaunguza koo, si jambo la mzaha.

mhasibu_moro:
Dada mwenzangu, kagua na mafaili uliyohifadhi siku hizo, yatakuwa yamejipa tarehe ya 2012, na programu ya mahesabu kama inaweka tarehe yenyewe basi miamala imeingia mwaka sio. Yalinikuta, nilihangaika wiki nzima.

kijana_wa_nyaya:
Nimejifunza mzee wangu. Mimi tangu Mei 2024, zile nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na nchi nzima ikawa inahangaika, nikiona intaneti imegoma nawaza laini tu.

fundi_mstaafu:
Uliza kwanza kama vifaa vyote vimegoma au kimoja. Siku ile viligoma vyote.

mama_tabata:
Wakuu nimerudi. Betri nimepata kwa fundi saa, nimeiweka mwenyewe mwanangu akinishikia tochi. Ilipowaka ikaja kioo cheusi kinasema bonyeza F1, nikashtuka, nikabonyeza, nikaingia kuweka tarehe. Jana usiku nikachomoa waya makusudi, asubuhi tarehe iko sawa na benki inafunguka. Asante sana kaka, Mungu akuweke. Dada mhasibu nako ulisema kweli, mafaili ya 2012 nimeyakuta saba na mawili ni ya huyu mteja wa Ijumaa, ndo nayapitia sasa hivi moja moja.