Naomba ushauri: mabaki ya uyoga kwenye chakula cha bata wa mayai

Wakuu, naombeni ushauri kwa mnaofuga bata wa mayai. Nina mifuko ya uyoga mamama iliyokwisha mavuno ya tatu: majani makavu ya mpunga, pumba na chokaa kidogo. Nataka mabaki hayo yachukue nafasi ya sehemu ya pumba, kilo 5 katika kilo 100 za chakula. Mahindi, soya na dagaa sigusi. Zaidi ya hapo naogopa, kwa sababu nyuzinyuzi bado ni nyingi na nguvu ni ndogo. Bata anajaza tumbo, mayai yanapungua.

Kila mfuko napasua kwanza. Ulio mweupe mpaka katikati, wenye harufu ya uyoga, unapita. Wenye doa la kijani au jeusi unakwenda mboji wote. Kukata doa peke yake hakutoshi, ukungu unakuwa umeshapenya ndani, na bata huathirika na sumukuvu (sumu inayotengenezwa na ukungu) haraka kuliko kuku. Mazuri yanaanikwa siku hiyohiyo juu ya turubai, unene wa sentimita 2, mpaka yavunjike mkononi kwa mlio, ndipo yasagwe.

Nilipokwama: kwa chokaa iliyomo tayari, nipunguze kiasi gani cha chokaa ya mifugo ili kalsiamu ibaki karibu asilimia 3.5? Kuna aliyeyavundika mabaki (kuyachachusha bila hewa) kwa molasi badala ya kuyaanika, bata wakala? Na waliolisha mabaki ya mifuko ya uyoga uliooteshwa kwenye maganda ya pamba, kiini cha yai kilibadilika rangi? Mkijibu, tajeni asilimia mliyotumia na umri wa bata.